Mtaalamu wa Leya

Cheo cha Mtaalamu alijipa mwenyewe. Kilikuwa kimeandikwa juu ya mlango wa kibanda chake hapa Kilwa Masoko, nyuma ya soko, kwa herufi zenye vivuli viwili na maua kila pembe: MTAALAMU WA MICHORO. Jina lake halikuwemo. Sijui kama alilisahau au aliona halina uzito wa kutosha. Sisi nasi tukamwita hivyo hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, na yeye akawaitikia wote kwa sauti ileile. Kwa miaka kumi na moja tulitenganishwa na ubao wa plaiwudi. Upande wake palikuwa na kompyuta, upande wangu palikuwa na mashine ya fotokopi, na kwa kuwa plaiwudi haizuii maneno, nilimjua mtu yule kuliko nilivyotaka.

Alichora mapambo. Kadi za harusi, kalenda za vyama vya wakulima wa korosho, vyeti vya watoto wa madrasa, mabango ya saluni, fremu za kuwazungushia maharusi mawaridi mpaka hewa ya kupumua hawana. Yote aliyafanya kwa programu ya kuhariri picha ambayo hakuwahi kutuambia aliipata wapi. Na kila mteja aliyeingia, kabla ya kuulizwa anataka nini, alisomeshwa.

"Mama, unajua leya?"

"Sijui, baba. Nataka kadi."

"Kadi itakuja. Kaa kwanza."

Mama wa watu anakaa. Mtaalamu anaeleza kwamba picha ya kompyuta haichorwi mahali pamoja. Inapangwa kama karatasi za nailoni zinazoonyesha, moja juu ya nyingine. Karatasi moja ni leya. Shina lina leya yake, ua lina leya yake, umande juu ya ua nao una yake. Ukikosea umande, ua halijui. Ukitaka kuficha kitu, hukifuti. Unafunga kijicho kilichochorwa pembeni mwa leya, na kitu kinapotea bila kufa. Maelezo yenyewe yalikuwa mazuri, hata mimi niliyaelewa bila kuyalipia. Tabu ilikuwa urefu wake. Niliwahi kumwona mtu akikosa gari la Nangurukuru kwa sababu ya petali ya tano.

Leya zote alizipa majina, na hapo ndipo roho yake ilipoonekana. Kila aliyemuudhi alipewa leya. Majani makavu yaliitwa kwa jina la mwenye nyumba. Doa la chai pembeni mwa kalenda, alilolichora kwa makusudi ili karatasi ionekane ya zamani, liliitwa kwa jina la shemeji yake. Siku moja aliniita upande wake kwa furaha nikaone leya iliyopewa jina langu.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza, maana niliona weusi tu.

"Kivuli."

"Kivuli cha nini?"

"Cha beseni."

Sikumsemesha siku mbili, na yeye hakugundua.

Dharau zake kwa wachoraji wengine hazikuwa na kifuniko. Vijana wanaotengeneza kadi kwa simu aliwaita wapaka lipu. Aliyetuma kazi iliyogandishwa kuwa leya moja alisema amepika wali, mchuzi na kachumbari sufuria moja. Yeye mwenyewe, mtu wa mapambo, alivaa shati moja la rangi ya udongo mpaka tukajua kila kifungo chake, na mlango wa nyumba yake haukuwahi kuonja rangi. Mkewe aliwahi kuniambia, tukiwa tunasubiri samaki sokoni, kwamba katika miaka yao yote ya ndoa mumewe hajamletea hata ua la plastiki. "Maua yake yote yamo humo kwenye runinga yake," akasema.

Lakini tabia iliyomtambulisha zaidi ni ile ya kuwadhulumu wateja kwa adabu. Mteja akitaka kitu kibaya, Mtaalamu hakubishana. Alikichora kwenye leya yake, akamwonyesha, mteja akafurahi na kwenda zake. Halafu Mtaalamu akafunga kijicho, akachapa.

"Mteja ana haki ya kuomba," aliniambia. "Hana haki ya kuharibu."

Mzee mmoja kutoka Milola alikuwa akimwoza binti yake. Korosho zilikuwa zimemwendea vizuri msimu ule na alikuwa amenunua pikipiki, akataka pikipiki hiyo iwemo kwenye kadi ya harusi, tena katikati, kati ya jina la bwana na jina la bibi. Mtaalamu aliichora. Nakiri aliichora vizuri mno, hata vioo vyake viling'aa. Mzee akaondoka akicheka peke yake njiani. Wiki mbili baadaye alirudi na kadi mkononi, hata salamu hakutoa.

"Pikipiki yangu iko wapi?"

"Ipo, mzee wangu."

"Ipo wapi?"

"Chini ya mawaridi. Leya ya arobaini na mbili."

Mzee akaisogeza kadi machoni, akaigeuza, akaanza kukwangua mawaridi kwa ukucha. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona kwa macho yangu. Alikwangua mpaka karatasi ikatoka unga.

"Huku hamna kitu!"

"Kwenye kadi huwezi kuiona. Lakini ipo."

"Kadi zimeshakwenda mpaka Mitole kwa wakwe, na wewe unaniambia ipo!"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Sasa nikifikiri naona ule ulikuwa wizi kama wizi mwingine, ila umevaa kanzu. Yule mzee alikuja na furaha yake, na mtu mwenye kipanya cha kompyuta mkononi akaamua furaha hiyo haina umbo zuri.

Na mtu huyo huyo mkali wa uzuri aliishi kwa njia moja ya mkato. Alichora robo tu. Ua zima, fremu nzima, zulia zima, alichora pembe moja kwa uangalifu wa kutisha, kisha kopi, geuza, bandika. Kopi, geuza, bandika. Pembe nne zikalingana sawasawa na watu wakasema mashallah. Nilipomwambia kwamba huo ni uvivu alinipa somo kupitia plaiwudi.

"Tazama uso wako kwenye kioo, Bi Fotokopi. Kulia na kushoto ni kopi."

"Jicho langu la kushoto ni dogo."

"Basi ulitikisika wakati wa kubandikwa."

Nikasema astaghfirullah, nikaendelea na kazi zangu.

Kwa mtu huyo ndiko nilikoupeleka mkeka wa mama.

Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka kule Kiswere. Katika mikeka yake kulikuwa na mmoja alioubuni mwenyewe akiwa msichana, akauita nyayo za kaa: nyayo nyekundu na nyeusi zinatembea upande upande juu ya ukindu usiotiwa rangi, zikifika katikati zinageuka. Wasukaji wengine waliujaribu wakaishia njiani. Mama aliuza yote aliyoisuka, ukabaki mmoja chini ya kitanda chake, na huo panya waliula katikati. Pembe zilikuwa nzima, moyo hakuna. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuja Masoko kila mwezi kwa ajili ya kliniki, na kila mwezi aliona kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Mwendo wa ule mkeka pale katikati ulikuwa umebaki kwenye vidole vyake tu. Yeye akiondoka, umeondoka.

Mtu atauliza, binti alikuwa wapi? Binti alikuwa na mashine ya fotokopi. Nilipokuwa mdogo ukindu ulinikata vidole nikalia, na nilipokuwa mkubwa nilisema kusuka ni kazi ya walioshindwa kwenda mjini. Masoko kwangu ulikuwa mji. Basi nilipoona mama anapapasa kikombe mezani, niliogopa, na kwa kuwa sikutaka kukaa chini nijifunze, nikatafuta mtu wa kunihifadhia urithi wangu kwenye kompyuta. Wakati ule niliona hilo ni wazo la mtu aliyeendelea.

Mtaalamu aliupokea ule mkeka kwa mikono miwili. Akapiga picha pembe iliyo nzima, akaanza kuifuatisha, chane moja ya ukindu baada ya nyingine, kila chane leya yake. Alifanya kazi wiki tatu na kwa mara ya kwanza hakusomesha mtu. Alipomaliza ile pembe akafanya alichozoea kufanya. Kopi, geuza, bandika, na tundu la panya likafunikwa lisionekane. Akachapa kwenye turubai kubwa kule Lindi, akaipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ikatundikwa nyuma ya meza ya akina mama wasukaji. Watu walipiga nayo picha. Mgeni mmoja mwenye tai alisema huo ndio utamaduni wetu. Mimi nilisimama pembeni nikavimba kichwa kwa niaba ya mama.

Mama nilimleta siku ya pili. Mtaalamu alimpokea mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uko wapi huo mkeka?"

Tukamsogeza. Akaweka uso karibu na turubai mpaka pua ikagusa, akatembea nayo hivyo kuanzia pembeni, polepole, kama mtu anayenusa. Alipofika katikati akasimama.

"Huu mkeka hausukiki," akasema.

"Vipi, mama?"

"Hapa chane imerudi ilikotoka. Kaa anageuka, chane haigeuki. Chane haina macho ya kurudi. Ikitoka kulia inakwenda kushoto mpaka inakwisha. Wewe umeikunja katikati ya safari."

"Pande zote zinalingana, mama. Nimepima. Mashine haikosei."

"Mashine haijakaa chini kusuka. Hebu niambie, hii nyekundu iko juu ya nyeusi au iko chini?"

"Iko juu. Leya ya nyekundu iko juu ya leya ya nyeusi."

"Iko juu hapa. Pale je?"

Mtaalamu akainama kutazama. Alitazama kwa muda mrefu, na watu waliokuwa pale wakaanza kusogea wasikie.

"Pale inatakiwa iwe chini," akasema.

"Na mbele kidogo?"

"Juu tena."

"Sasa hiyo leya yako inakaa wapi?"

Nyekundu yote ilikuwa juu, nyeusi yote ilikuwa chini, kama shuka juu ya godoro. Mtu aliyetusomesha miaka yote kwamba kila kitu duniani kina tabaka lake, ameshikwa na bibi asiyeona vizuri, mbele ya akina mama wenye vikapu vya mihogo. Nilifurahi, sitaficha. Nilirudi nayo Masoko hadithi hiyo, na kila aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa nilimwongezea na hiyo bure.

Nilidhani atasusa. Badala yake, siku ya kliniki iliyofuata, alimkuta mama amekaa kwenye benchi langu akamwomba ahamie kwake. Alikuwa amenunua ukindu, na rangi za unga za dukani. Tangu hapo kila mwezi mama akitoka kliniki alipitia kwangu kunisalimia, akaenda kukaa kwa jirani. Nilisikia kila kitu kupitia plaiwudi.

"Juu moja, chini mbili. Hapana, anza tena."

"Mama, vidole vyangu ni vinene."

"Vya kaa je? Anza tena."

Ilikuwa burudani. Mtu wa kipanya, na lile shati lake la udongo, ameshika ukindu kama aliyeshika nyoka, na mama anapapasa kazi yake kwa ncha za vidole, anakuta kosa, anamrudisha mwanzo. Siku moja Mtaalamu alichungulia upande wangu.

"Bi Fotokopi, njoo ukae na sisi. Leo kaa anaingia katikati."

"Nina wateja," nikasema.

Nilikuwa na mteja mmoja, wa karatasi moja. Alipoondoka nikaongeza sauti ya redio.

Masika yalipoingia mama alipata homa kule Kiswere na haikumchukua siku nyingi. Tulimzika hukohuko. Mtaalamu alikuja mazikoni na gari la asubuhi, akakaa na wanaume. Baada ya hapo mambo yake yalikwenda chini. Wale vijana wa simu walimaliza wateja wake, kadi sasa inatumwa watu wakiwa wamelala vitandani, na mwenye nyumba, yule wa majani makavu, akampangisha kile kibanda muuza vocha. Ile kompyuta ilibebwa kwa mkokoteni mpaka nyumbani kwake. Sikumwona kwa zaidi ya mwaka, na sitasema kwamba nilimtafuta.

Nilimtafuta nilipojenga. Sebule yangu mpya ina ukuta mmoja mtupu unaotazamana na mlango, na nilitaka mgeni akiingia aone nyayo za kaa za mama yangu, ndani ya fremu, chini ya kioo. Nikaenda nyumbani kwa Mtaalamu baada ya adhuhuri na fleshi ya kompyuta kwenye mkoba. Nilimkuta barazani, amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, ukili, ule msuko wa kuungia mkeka, umelala mapajani. Alikuwa amezeeka ghafla. Miwani ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Mtaalamu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Sikukaa. Nikamwambia nimefuata mchoro wa mama.

"Nauchora upya, na haujaisha," akasema.

"Mwaka mzima?"

"Pembe zote nne ziko tayari, na safari hii sijageuza kitu. Nimekata kila chane vipande vipande, kila kipande leya yake, kinachokaa juu kikae juu, kinachoingia chini kiingie. Zimepita mia tatu na mashine inalia. Lakini hiyo si tabu. Katikati ni patupu. Sijui kaa anageukaje."

"Si alikufundisha?"

"Alinifundisha mpaka hapa." Akaweka kidole kwenye ukili, mahali palipokuwa pameshikwa na uzi mweupe. "Kliniki iliyofuata hakuja."

Mbele ya ule uzi kulikuwa na kama shibiri moja aliyosuka kwa kubahatisha. Ukindu pale ulikuwa umechakaa kwa kusukwa na kusukwa upya. Akanyanyua ukili wote, akaninyooshea.

"Nilitaka nije kwako, nikaona aibu," akasema. "Wewe ndiye binti yake, ulikulia ndani ya nyumba ile. Tazama hapo mbele ya uzi. Nimepatia?"

Niliupokea. Nikafanya kama nilivyomwona mama akifanya, nikapitisha ncha za vidole juu yake kutoka kulia kwenda kushoto. Nyekundu iliingia chini ya nyeusi, ikatokea, ikalala pembeni. Ilikuwa laini na ilikuwa nzuri. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Ingekuwa sahihi nisingejua, ingekuwa upuuzi mtupu nisingejua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na mbele ya mtu huyu nisiyemheshimu ilinichoma mara mbili. Alikuwa ananitazama juu ya ile miwani ya uzi kama mgonjwa anayemtazama daktari.

"Umepatia," nikasema. "Ndio wenyewe."

Aliuchukua ukili polepole, akautazama, akanitazama mimi. Nilisubiri neno lake. Mtu yule hakuwahi kumwachia mtu kosa, si mteja, si mkewe, si shemeji, na safari hii nilijua nimestahili lolote atakaloniita.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Kisha akainamisha kichwa akaanza kufumua, chane moja moja, mpaka akafika kwenye ule uzi mweupe.